Matuta ya Mzee Evaristi

Herieth aliliona shamba kabla mama yake hajaliona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani mama yake asiwe na macho.

Walikuwa wakipandisha kilima kutoka mjini Sumbawanga. Walikuwa wamesali Misa ya asubuhi, Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, kisha wakapitia sokoni kununua chumvi, sabuni na dagaa wa Kabwe. Upepo wa Mbizi uliwapiga ubavuni. Mama Coleta alizungumza bila kupumzika, kama alivyozoea kila wanapotoka kanisani, akimshukuru Mungu kwa kila kitu kilichopita mbele yake: miguu inayoweza bado kupanda kilima, dagaa wasio na mchanga, yule mwanamke wa sokoni aliyewaongezea konzi moja bila kuombwa.

"Na jua hili," alisema. "Umeliona jua hili, mwanangu? Wiki nzima lilitukimbia."

Herieth alikuwa akitazama shamba. Mahali ambapo jana jioni palikuwa na matuta ya mviringo zaidi ya mia mbili, sasa palikuwa tambarare kama uwanja wa shule.

Kwa mtu wa mbali, tuta ni udongo uliorundikwa. Kwa Mfipa ni jambo jingine. Mwezi wa pili, nyasi zikiwa zimeshiba mvua, mkulima huzikata, huzikusanya mafungu mafungu, kisha huzifunika kwa udongo, fungu moja baada ya jingine, kwa jembe la mkono na kwa mgongo wake mwenyewe. Juu hupanda maharage. Ndani nyasi huoza polepole mpaka mvua za mwaka unaofuata, ndipo tuta hutawanywa na ulezi hupandwa katika udongo uliorutubika. Ukilivunja mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, umepoteza maharage ya mwaka huu na ulezi wa mwaka ujao kwa asubuhi moja. Mzee Evaristi, baba yake Herieth, alikuwa ametumia wiki sita kuyatengeneza matuta yale, mgongo ukimuuma, akikataa kusaidiwa na mtu yeyote.

Na katikati ya uharibifu ule alisimama jirani yao Kija, anatabasamu.

Alikuwa ametundika shati kwenye mkono wa plau. Ng'ombe wake wawili, aliowaita Pole na Asante, walikuwa wanahema kwa nguvu. Alipomwona Herieth alifungua mikono yote miwili, kama mtu anayeonyesha nyumba mpya.

"Nimemaliza!" alisema kwa sauti. "Nilikuja mlipokwenda Misa. Mzee akirudi leo atakuta kila kitu kimelimwa. Ataweka mbegu tu. Herieth, mbona unaniangalia hivyo?"

Nyuma yake Herieth alisikia dagaa wakianguka. Mama yake alikuwa ameketi chini, palepale njiani, na miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Mama?" Kija alikuja mbio. "Mama anaumwa?"

"Kija," Herieth alisema, na sauti yake ilitoka ndogo sana. "Yalikuwa mapya."

"Nini kilikuwa kipya?"

"Matuta. Baba amemaliza kuyatengeneza juzi. Mama amepanda maharage jana. Yalitakiwa yakae hivyohivyo mpaka mwezi wa kumi na moja."

Alimtazama usoni wakati maneno yakimwingia. Kija alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, Msukuma aliyezaliwa bondeni huko Mtowisa, ambako baba yake, mzee Masunga, alifika na mifugo miaka mingi iliyopita. Kwao shamba lenye vilima vya udongo na nyasi zinazochungulia ni shamba la mwaka jana ambalo mwenyewe bado hajalilima. Alikuwa ameona mzee mwenye mgongo mbovu na shamba lililomshinda. Alikuwa na ng'ombe wawili wenye nguvu na moyo uliojaa. Hakuuliza mtu.

Tabasamu lilimtoka polepole, likaacha uso ambao Herieth hakuwahi kuuona. Uso wa mtoto aliyevunja kitu cha kanisani.

"Yesu wangu," alinong'ona.

*

Habari mbaya haikuchelewa. Kabla Mama Coleta hajanywa maji ya kumtuliza, shangazi Margareth, dada yake Mzee Evaristi, alikuwa amekwisha kufika akiwa na kitenge kimefungwa kiunoni.

"Nimeambiwa nikakataa kuamini," alisema. "Nikasema hapana, Msukuma wetu ni mkatekumeni, anajifunza amri za Mungu. Kumbe hajafika kwenye amri ya kutoharibu chakula cha watu!"

"Wifi, hakujua," alisema Mama Coleta.

"Hakujua! Anakaa Ufipa mwaka wa tatu, haoni wenzake wanavyolima? Au anatazama kitu kingine?" Alimgeukia Herieth na kumpima kwa macho kuanzia miguuni. "Ulikuwa unamfundisha Nasadiki au unamfundisha nini?"

"Shikamoo shangazi," alisema Herieth.

"Marahaba. Usinifunge mdomo kwa salamu. Unajua kaka yangu yuko wapi leo?"

Herieth aliangalia chini. Baba yake alikuwa ameaga jana kwamba anakwenda Matai kwenye shughuli ya ndugu.

"Hakuna shughuli ya ndugu," alisema shangazi, akipunguza sauti, na kwa kuwa aliipunguza ndipo Herieth alipoogopa kweli. "Amekwenda kwa wazazi wa Abel. Abel yule wa ofisi za halmashauri, kijana wa Kikristo, aliyebatizwa na kupata kipaimara, anayejua tuta ni nini. Wanataka jibu la posa yao. Kaka yangu alikuwa anasitasita kwa sababu ya huyo mpenda ng'ombe wako. Sasa akirudi na kuona hiki," alinyoosha mkono kuelekea shambani, "atasitasita tena?"

Mama Coleta alikunja mikono mapajani. "Basi linafika saa ngapi?"

"Saa tisa," alisema shangazi. "Kama halikuharibika."

Ilikuwa saa tano kasoro.

Na lilikuwapo jambo baya kuliko Abel. Mzee Evaristi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo ya Mtakatifu Monika. Mkatekumeni hawezi kubatizwa Mkesha wa Pasaka bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake, inayoshuhudia mwenendo wake. Majina yalikuwa yanafungwa parokiani kesho Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Wenzake Kija walipata barua zao mapema. Ya Kija haikuandikwa. Kila alipouliza, mzee alimjibu neno lilelile: "Nataka nijue kama unamtaka Kristo au unamtaka binti yangu." Na Kija, ambaye aliwataka wote wawili na hakuona aibu, alishindwa kila mara namna ya kujibu.

*

Herieth alimkuta nyuma ya zizi, akiwafungua ng'ombe. Fundo la kamba lilikuwa limemshinda. Herieth alimsaidia. Vidole vyao viligusana juu ya fundo, na hakuna aliyeondoa vyake haraka.

"Nenda Kasesya," alisema Herieth bila kumtazama. "Binamu yako anaendesha bodaboda pale mpakani. Kaa naye hadi baba apoe."

"Majina yanafungwa kesho."

"Kuna Pasaka mwakani."

"Na mwakani wewe utakuwepo hapa?"

Herieth aliinamia fundo.

"Shangazi yako ana sauti," alisema Kija. "Nimesikia habari za Matai."

"Basi sema ng'ombe walikata kamba. Sema walifunguka usiku."

"Wakajifunga plau wenyewe?"

Kicheko kilimtoka Herieth bila ruhusa, kikageuka kilio hapohapo. "Usinichekeshe. Naogopa, Kija. Humjui baba. Hapigi, hatukani. Anakunyamazia. Dada yangu alimkosea mara moja, alinyamaziwa miezi minane. Tulikuwa tunakula meza moja."

"Na mimi naogopa," alisema Kija. "Nikisikia gari barabarani nadhani ni basi lake."

"Basi nenda!"

"Nikienda nitakuwa nimeharibu mara mbili."

"Sema basi kuna mtu alikutuma. Sema ni mimi. Sema nilikuambia ulime. Mimi mtoto wake, atanyamaza lakini hatanifukuza."

Kija alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho yaliyozoea kutazama mbali, macho ya mchungaji, na yalipomtazama mtu kwa karibu ilikuwa kama yanaomba radhi kwanza.

"Unajua kwa nini nililima?" aliuliza.

"Ili baba akupende."

"Hata hilo lipo, sitaficha. Lakini silo lililoniamsha." Alishusha kamba. "Nilipohamia huku juu, mama alikuwa amekufa siku kumi tu kabla. Kila mtu aliyeniona aliniuliza swali moja: ng'ombe wako watakula wapi? Mjumbe aliniuliza. Majirani waliniuliza. Wana haki yao, siwalaumu. Siku ile nikapita hapa kwenu mnasali jumuiya, mvua ikanifukuza nikasimama barazani. Baba yako akatoka. Nikajua ataniuliza ng'ombe wangu watakula wapi. Akaniambia, ingia, utalowa. Nikaingia. Akaniuliza, una huzuni gani? Nikasema mama yangu amekufa. Akauliza, aliitwaje? Nikasema. Watu wote humu ndani wakamwombea mama yangu kwa jina lake, Herieth. Watu wasiomjua. Mama hakuwa Mkristo, hakuwa chochote, na wanawake wa Kifipa walilitamka jina lake vibaya, lakini walilitamka."

Herieth alikumbuka siku ile. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikumbuka kijana mwenye maji yanayotiririka kutoka kwenye mgolole, aliyelia bila kujifunika uso.

"Tangu siku hiyo," Kija aliendelea, "nimekuwa nikitafuta namna ya kusema asante. Usiku nikifunga zizi nayahesabu mambo ya siku nzima, hata madogo. Chai ilikuwa ya moto. Ndama amesimama. Herieth amepita, amevaa gauni la kijani. Nikawa nasema asante, asante, na sikujua namwambia nani, mpaka katekista akanifundisha. Jana nikasema, baba yule nitamlimia. Sikufikiria Abel wala barua. Nilikuwa na furaha tu. Sasa nikisema uongo juu ya kitu nilichofanya kwa furaha ile, hata ile furaha itageuka uongo."

Herieth alijibanza ukutani mwa zizi. Alikuwa amebatizwa akiwa na siku kumi na mbili. Alijua sala zote, nyimbo zote, na punje zote za rozari. Lakini Mungu wake alikuwa kama baba yake: mtu wa kutembea naye kwa ncha za vidole, wa kuchungwa asikasirike. Alipoungama aliungama ili asinyamaziwe. Mama yake aliposhukuru kwa jua na dagaa, Herieth aliona ni maneno ya uzee. Hakuwahi kudhani kwamba mtu anaweza kumwendea Mungu akiwa na furaha, kama mtu anayewahi kwa jirani kupeleka habari njema.

Na sasa kijana huyu, ambaye hata ishara ya msalaba bado aliikosea mkono, ndiye alikuwa akiogopa na hakimbii.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

Kija alikuwa amechukua jembe la mkono lililoegemea ukuta. "Kuyarudisha."

"Hujui kutengeneza tuta!"

"Nitajifunza kabla ya saa tisa."

*

Hakujifunza. Tuta lake la kwanza lilikaa kama ng'ombe aliyelala ubavu. La pili liliporomoka kabla hajainua mgongo. Nyasi zilizovunjwa na plau zilikuwa zimechanganyika na udongo kila mahali, na mbegu za maharage zilimeta humo kama meno.

Herieth alisimama ukingoni mwa shamba. Shangazi Margareth alikuwa barazani, anatazama. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekuja kuazima kiberiti na hawakuondoka nacho. Binti wa mwenyekiti kuonekana shambani na mwanamume asiye mume wake, mchana kweupe, watu wakiangalia: hilo pekee lingetosha kumpa shangazi hadithi ya mwaka mzima.

Alivua viatu akaingia.

"Nyasi kwanza," alisema. "Zilaze kwa mduara, vichwa ndani. Hapana, siyo hivyo. Unazitupa kama unalisha. Zilaze."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa udongo kutoka pembeni, siyo kutoka katikati. Baba husema tuta hufunikwa kama mtoto, usimzibe pumzi."

"Baba yako anasema hivyo? Mzee Evaristi?"

"Akiwa peke yake. Akidhani hatumsikii."

Walifanya kazi bila kusimama. Udongo uliingia kati ya vidole vya miguu yake, baridi juu na vuguvugu chini, pale nyasi zilipokuwa zimeanza kuchacha. Ulinukia mvua na mkate. Herieth aliokota mbegu za maharage moja moja na kuzitia kwenye pindo la khanga. Aliinua kichwa akamwona Kija amepiga magoti, jasho linamdondoka puani, analaza nyasi kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa, midomo inatikisika.

"Unasali?" aliuliza.

"Nahesabu. Udongo haujakauka, hilo moja. Mvua za kutosha bado zipo mpaka mwezi wa nne, la pili. Wewe umevua viatu, la tatu."

Kitu kilimfungukia Herieth kifuani, hakujua kina jina gani. Hofu haikuondoka. Ilikuwa palepale, nzito kama jiwe la kusagia. Lakini pembeni yake palikuwa na nafasi ambayo haikuwapo asubuhi. Alitaka kusali na kwa mara ya kwanza hakuwa na ombi. *Asante*, alisema moyoni, na hakuweza kuendelea, kwa sababu baada ya neno hilo hakuona kilichopungua.

Walikuwa wamemaliza tuta la kumi na tisa waliposikia honi ya basi kwenye barabara ya Matai.

*

Mzee Evaristi alipanda njia akiwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Alipofika ukingoni mwa shamba alisimama. Hakuweka mfuko chini. Shangazi Margareth aliinuka barazani, akafungua mdomo, na akaufunga. Hata wale wa kiberiti waliona ni vema kwenda nyumbani.

Mzee alitembea ukingo mzima wa shamba, pande zote nne, mkono mmoja mgongoni. Ilichukua muda mrefu. Mzee alipofika walipo, aliinama kwa shida, akaokota mbegu moja ya maharage, akaifuta kwa kidole gumba.

"Shikamoo mzee," alisema Kija. Sauti ilimpasuka katikati.

"Marahaba." Mzee hakumtazama. "Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, mzee."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ulilewa?"

"Hapana, mzee. Nilidhani ni ya zamani. Nilitaka kukusaidia. Nilikosea, na sina la kujitetea. Nitayarudisha yote, hata ikinichukua mpaka Pasaka."

Mzee Evaristi aligeuka akatazama matuta kumi na tisa. Ya kwanza yalikuwa mabaya sana. Alitazama miguu mitupu ya binti yake, yenye udongo mpaka magotini. Halafu alitazama mbegu kiganjani.

"Herieth," alisema. "Nawa mikono. Lete karatasi na kalamu. Macho yangu hayaoni mistari siku hizi."

*

Ndani kulikuwa na utulivu wa msibani. Mzee alikaa kwenye kiti chake, kofia gotini. Mama Coleta alisimama karibu na mlango wa jikoni, anasugua punje za rozari. Shangazi Margareth alikaa kwenye mkeka na hakusema neno, jambo ambalo liliogopesha kuliko yote. Kupitia dirishani Herieth alimwona Kija amerudi kwenye tuta la ishirini. Hakujua afanye nini kingine.

"Andika," alisema mzee. "Kwa Baba Paroko. Kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika. Yahusu Kija Masunga, mkatekumeni."

Herieth aliandika. Kalamu ilikwaruza.

"Leo Ijumaa mtu huyu ameingia katika shamba langu bila ruhusa yangu."

Aliandika.

"Amevunja matuta mia mbili na kumi na manne, yaliyokuwa chakula cha nyumba yangu mwaka huu na mwaka ujao."

Mkono ulisimama. "Baba."

"Andika."

Aliandika, na kila neno lilikuwa kama anamfungia Kija mlango kwa mkono wake mwenyewe. Chozi liliangukia juu ya neno *nyumba*, wino ukatanda.

"Hakunywa pombe. Hakuwa na ugomvi na mimi. Alifanya kwa kutojua, na kwa kutouliza, ambalo ni kosa kubwa zaidi. Nimemwuliza kama ni yeye. Amejibu ni yeye. Nimemwuliza nani alimtuma. Amejibu hakuna." Mzee alivuta pumzi. "Sasa weka nukta. Nafikiri."

Herieth aliweka nukta. Alijua kinachofuata. *Kwa hiyo siwezi kumshuhudia.* Na mwezi ujao yeye angekuwa Matai, katika nyumba ya mtu mwema aliyejua matuta. Hofu ilimjia, ile ya utotoni, ya kukalishwa meza moja na mtu asiyesema nawe. Lakini nje jembe lilikuwa bado linapiga udongo, polepole, na ile nafasi iliyofunguka shambani haikuwa imejifunga.

"Baba," alisema, "kuna jambo halijaandikwa."

"Lipi?"

"Mimi nilimwambia akimbilie Kasesya." Aliweka kalamu chini. "Akakataa. Nikamwambia adanganye, aseme ng'ombe walikata kamba. Akakataa. Nikamwambia aseme ni mimi niliyemtuma. Akakataa hilo pia."

Shangazi alivuta pumzi kwa kelele. Rozari ya Mama Coleta ilisimama.

Mzee Evaristi alimtazama binti yake. Alimtazama hivi, kwa macho yote mawili, labda kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto mchanga.

"Unataka niliweke hilo? Padre atasoma."

"Liweke, baba."

"Basi andika." Alikohoa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nzito. "Binti yangu, aliyebatizwa akiwa na siku kumi na mbili, alimshauri aseme uongo mara tatu. Mkatekumeni alikataa mara tatu."

Herieth aliandika. Hakuwahi kuandika jambo la kumwaibisha namna ile, wala jambo lililompa furaha namna ile.

"Mimi mwenyewe," mzee aliendelea polepole, "jana niliiambia nyumba yangu kwamba nakwenda Matai kwenye shughuli ya ndugu. Haikuwa kweli."

"Kaka!" alisema shangazi Margareth. "Barua ni ya Msukuma, siyo yako!"

"Margareth, kunywa chai. Andika, mwanangu. Kwa hiyo sioni kwa nini mtu huyu asibatizwe, nikitazama sisi tuliobatizwa zamani. Hajui kulima. Hilo tutamfundisha. Wako katika Kristo. Lete niweke sahihi."

Aliweka sahihi akikodoa macho, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Mama Coleta alikuwa analia na kucheka, na anamtajia Mungu vitu kwa Kifipa, haraka haraka, pasipo mpangilio.

Herieth alishika barua kwa mikono miwili. Lilibaki swali moja, na alijua asipoliuliza sasa hatapata tena ujasiri. "Na Matai, baba? Umewajibu nini?"

Mzee Evaristi aliondoa kofia gotini akaiweka mezani. "Walitaka jibu. Nikawaambia nitakwenda kumwuliza mwenyewe. Walicheka, wakadhani natania. Ndani ya basi nami nikajicheka, kwa sababu sijawahi kukuuliza jambo hata siku moja." Aliisukuma kofia pembeni. "Basi nakuuliza."

Hofu ilimrudia yote kwa mara moja. Ilikuwa rahisi kuogopa baba anayenyamaza. Huyu anayesubiri kujibiwa alimwogopesha zaidi. Herieth aligeukia dirisha. Nje jembe lilipiga, likanyamaza, likapiga.

"Yule aliye shambani, baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja tu, kama mtu anayepokea salamu.

"Basi usimwache aendelee," alisema. "Analaza nyasi vibaya. Nimemwona kwa dirisha."

Herieth hakumbuki alitokaje ndani ya nyumba ile. Mama yake ndiye husema kwamba alikimbia, miguu mitupu, mbele ya shangazi na mbele ya majirani wote, barua mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, akiita jina la Kija kabla hajafika mlangoni.